Jinsi ya kutumia "literally" bila kuchekwa: ilikotoka, maana zake na mahali pa kuiacha

Saivi ukifungua simu hupiti stetasi kumi hujakutana na "literally". Mmoja kaandika literally nimekufa na yuko hai anakula chipsi mayai, mwingine literally sina hela kumbe ya bando anayo, mwingine kaweka picha ya paka kalala chali juu ya kochi kaandika "literally me", na ukishuka kwenye komenti lazima atokee mtu mmoja wa kusahihisha wenzake, we umekufa? mbona unaandika? literally maana yake kitu kimetokea kweli, rudi shule. Basi watu wanabaki njia panda, wengine wanaliogopa neno wanaliacha kabisa, wengine wanalichomeka hadi kwenye barua ya kuomba kazi. Nimeandika hii kwa yeyote anayeandika Kiingereza, anayetafsiri, anayejiandaa na mtihani au anayechanganya tu lugha kwenye meseji. Tunaanza na mzizi, maana ukishajua neno lilikotoka kulitumia kunakuwa rahisi, na huyo mjuaji wa kwenye komenti utakuwa na cha kumjibu.

Lilikotoka

Livunje vipande viwili, "literal" na "-ly". Hako ka "-ly" ndo kamkia ambako Kiingereza kinageuzia kivumishi kuwa kielezi, slow inakuwa slowly, quick inakuwa quickly, sisi kazi hiyo tunaifanya na "ki-" au "kwa", kitoto, kizungu, kwa haraka. Na kenyewe kana historia yake, kwenye Kiingereza cha kale "lic" ilikuwa ni mwili au umbo, kwa hiyo ukisema slowly ni kama unasema kwa umbo la upole, ila hiyo tuiache tusipotee njia.

"Literal" yenyewe asili yake ni Kilatini, "littera", maana yake herufi. Ikapitia Kifaransa cha zamani, karne ya 14 ikawa imeshaingia kwenye Kiingereza, na "literally" ikafuata baadaye kidogo. Kwa hiyo ukilitafsiri kwa mifupa yake literally ni "kiherufi", kwa kufuata herufi zilivyoandikwa. Ndugu zake unawajua wengi, letter, literature, literacy, illiterate, hadi "obliterate" ambayo kiasili ni kufuta maandishi yasionekane tena, ndo ikaja kuwa kuangamiza kitu kisibaki hata alama.

Wenye Kiarabu, hasa ndugu zetu wa Muscat na wale wa Zanzibar waliosoma chuo, hapo watakuwa wameshatabasamu, maana Kiarabu kina neno hilohilo kwa mtindo huohuo, "harfiyyan", kutoka "harf", na hiyo harf na wingi wake huruf ndo sisi tumepata herufi. Na vijana wa Kiarabu nao mtandaoni wanalitumia kutilia chumvi kama huku tu. Wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi wao wana "littéralement" ya Kifaransa ambayo ni mtoto wa Kilatini kilekile. Sasa jiulize kwa nini watu wa lugha tofauti wote walikimbilia herufi.

Jibu liko kwenye vitabu vya dini. Wasomi wa Kikristo wa zamani walikuwa wanafundisha kwamba andiko moja linaweza kusomwa kwa namna nne, na mfano wao maarufu aliutoa mtawa mmoja anaitwa John Cassian, aliyeishi kati ya karne ya 4 na ya 5, akachukua neno Yerusalemu. Kwa maana ya herufi, Yerusalemu ni ule mji wa Wayahudi, mji wa mawe na kuta ambao mtu anaweza kuingia kwa miguu. Kwa fumbo ni Kanisa. Kwa mafundisho ya tabia ni roho ya mtu. Na kwa mambo ya mwisho ni mji wa Mungu kule mbinguni. Ile ya kwanza ndo "literal", na kulisoma andiko literally ilikuwa ni kulisoma kama maneno yenyewe yalivyo kabla hujaanza kutafuta fumbo.

Hapo pashike vizuri, maana ndo penye ufunguo. Neno lilipozaliwa halikuwa linaongelea tukio limetokea au halijatokea, lilikuwa linaongelea maneno, umeyasoma kwa maana ipi. Kwa hiyo yule anayekwambia maana ya asili ya literally ni "imetokea kweli" na yeye kakosea, hiyo maana anayoipigania nayo ilikuja baadaye, neno lilishahama nyumba mara moja, yeye analia na kuhama kwa mara ya pili tu.

Lilivyohama

Kuhama kwa kwanza ni hivi. Mwisho wa karne ya 17 washairi kama John Dryden kule Uingereza wameshaanza kulitumia kukazia jambo ambalo ni kweli, yaani hapa sitanii, ichukueni kama ninavyosema. Kutoka "maneno haya yana maana yake ya kawaida" likawa "ninachosema ni kweli tupu", ni hatua ndogo sana, wala hakuna aliyepiga kelele.

Kuhama kwa pili ndo kwenye ugomvi. Mwaka 1769 mwandishi mmoja wa Kiingereza, Frances Brooke, ambaye aliishi Quebec miaka kadhaa, alitoa riwaya ya barua inaitwa The History of Emily Montague, na ndani yake kuna mwanaume anafika mahali anatambulishwa kwa kundi la wanawake warembo, ikasemwa ni literally kula katikati ya maua ya nyinyoro, lugha ambayo kaitoa kwenye Wimbo Ulio Bora, kitabu cha mapenzi ndani ya Biblia. Hakuna nyinyoro hapo na hakuna anayekula, ni warembo tu. Kwa hiyo literally ya kutilia chumvi imeshapita miaka 250, na ikibidi iitwe ya kizazi cha TikTok basi kizazi hicho kilikuwa kinavaa mawigi ya unga.

Baada ya hapo wakubwa wote wameitumia. Mwandishi Mmarekani Mark Twain mwaka 1876 kwenye hadithi ya mtoto mtundu Tom Sawyer, pale Tom anapowahadaa watoto wenzake wampakie chokaa uzio na bado wao ndo wamlipe, anasema hadi mchana Tom alikuwa literally anagaagaa kwenye utajiri, na utajiri wenyewe ni gololi kumi na mbili, tiara, na panya aliyekufa pamoja na kamba ya kumzungushia. Mi hapo naona Twain alikuwa anajua kabisa anachofanya, utani wote uko kwenye hilo neno, ukilitoa sentensi inapoa.

Wakosoaji wakaamka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1909 Mmarekani Ambrose Bierce akaandika kijitabu cha kusahihisha makosa ya lugha, humo akasema kutia chumvi tayari ni vibaya, ila kutia chumvi halafu ukathibitisha kwamba chumvi yako ni kweli, hiyo haivumiliki. Kinachochekesha ni kwamba mwaka huohuo wa 1909 kamusi kubwa ya Webster ikaiingiza hiyohiyo maana ya chumvi kati ya maana za neno. 1926 akaja Mwingereza H. W. Fowler naye akalalamika, watu pale wanapotakiwa kusema "sio literally jamani, ni namna ya kusema tu" ndo kwanza wanatia neno walilotakiwa walikane. Halafu 2011 kamusi ya Oxford ikaipitia upya ingizo lake na kuiandika hiyo maana waziwazi, hakuna aliyejali, hadi 2013 mtu akaliona mtandaoni, magazeti yakachachamaa kwamba Kiingereza kimekufa. Januari 2018 baa moja ya East Village, New York, ikabandika tangazo kwamba mteja akitamka literally ana dakika tano za kumalizia kinywaji chake na kuondoka. Hapo ndo ujue watu wanaichukia kiasi gani, na ndo maana nasema unahitaji kujua uitumie wapi.

Je, maana yake imegeuka kinyume?

Utasikia watu wanasema siku hizi literally maana yake "figuratively", yaani kimafumbo. Hapana. Chukua "I literally died", toa literally weka figuratively, "I figuratively died", hamna binadamu anayeongea hivyo. Anayesema literally died hakwambii kwamba anaongea kwa mafumbo, hilo unalijua mwenyewe kwa sababu unamwona anapumua, yeye anakaza tu, anaongeza sauti.

Na sisi tunafanya kitu hichohicho kila siku na neno "kweli". Nimechoka kweli, jua linawaka kweli kweli, huyu mtoto ataniua kweli. Hiyo ya mwisho hamna anayekimbia kuita polisi. Kweli hapo imeacha kazi ya kuthibitisha imechukua kazi ya kukaza. Kiingereza chenyewe kimeshafanya mchezo huo mara nyingi, "very" ilitoka Kifaransa ikiwa na maana ya kweli, halisi, leo ni "sana" tu, na "really" imetoka kwenye real na mtu anasema "I'm really dead" hamna anayemfuata kwenye komenti. Literally inapita njia waliyopita wenzake, sema yenyewe haijafika mwisho wa safari, bado ile maana ya zamani iko hai kazini, ndo maana inagonga watu.

Namna ya kuipima kabla hujaiandika

Kipimo cha kwanza ni kamera. Jifanye kuna mtu alikuwa anarekodi, je kwenye video kitu hicho kingeonekana kama ulivyosema? "He literally ran out of the room", video itamwonyesha mtu anakimbia anatoka, andika bila wasiwasi popote pale. "My head literally exploded", video itaonyesha kichwa kiko palepale, basi hiyo ni chumvi, na chumvi ina mahali pake ambapo nitapasema chini.

Kipimo cha pili, toa neno usome tena. "The bus was literally blue". Toa. "The bus was blue". Umepoteza nini? Hamna. Basi liache nje. Sehemu kubwa ya literally zinazokera watu wala sio hizi za uongo, ni hizi za kweli ambazo hazina kazi, mtu anasema literally nilienda dukani, literally nikanunua mkate, sasa ulidhani tutafikiri ni mkate wa mafumbo?

Kipimo cha tatu ndo ninachokipenda, na ndo kinakuonyesha neno hili liliumbwa kwa ajili gani. Litumie pale ambapo msomaji angedhani unaongea kwa fumbo na wewe huongei kwa fumbo. Mfano kwa Kiingereza "miss the boat" ni msemo, maana yake umechelewa ukakosa nafasi. Sasa jamaa yako kafika bandarini Dar saa mbili kasoro, boti ya Unguja ndo inaacha gati, anaiangalia inavyoenda. Ukiandika "he missed the boat" mtu wa mbali atadhani kakosa dili. Ukiandika "he literally missed the boat", umemaliza, anaelewa ni boti ya maji, na utani umeupata bure. Hapo literally inafanya kazi ambayo hakuna neno lingine linaifanya kwa ufupi hivyo. Vilevile kampuni ambayo paa lake limeanguka, "the business literally collapsed", maana collapse ya biashara kwa kawaida ni kufilisika. Ukipata nafasi kama hiyo usiiachie.

Kuna nafasi nyingine nzuri kwetu sisi wa lugha mbili, kueleza tafsiri ya neno kwa neno. Mgeni anakuuliza kwa nini Waswahili mnasema kupiga mswaki, kupiga pasi, kupiga simu, unamjibu "in Swahili you literally hit the phone". Hiyo ndo literally ya kizamani kabisa, ile ya kina Cassian, maana ya maneno yenyewe. Au "mwanasheria literally means child of the law". Kwenye insha, kwenye tasnifu, kwenye kitabu, hiyo iko salama, hata mkali wa namna gani hakugusi.

Sasa ipi utumie kwa nani

Kwa washkaji, kwenye grupu, kwenye kapsheni, we jimwage. Literally nalia, literally me, literally everyone, kule ni lugha ya kupiga stori na kila mtu anajua. Anayesahihisha kwenye grupu la utani ndo mwenye shida.

Kwenye mtihani, sivii, barua ya ofisi na ripoti, tumia ile ya kamera tu, na hata hiyo kwa kubana. Msahihishaji akikuta "the price of petrol has literally gone to the moon" anaweza kuona hujui neno, hata kama unalijua kuliko yeye. Hapo una mbadala. Kama unataka kusema karibu kabisa, kuna "almost", "practically" na "virtually". "She practically raised me", karibu yeye ndo alinilea. Virtually iangalie kidogo, siku hizi watu wakiisikia wanawaza mtandaoni, "we virtually met" mtu anaweza kuelewa mlikutana kwa video. Kama unataka kukaza ukweli kuna "actually", ila nayo ina mtego wake kwa waliosoma Kifaransa, wanaichanganya na "actuellement" ambayo ni "kwa sasa", mtu wa Lubumbashi akienda Canada anasema actually nakaa Montreal akimaanisha saivi nakaa Montreal, na anayemsikiliza anashangaa kwani nani kambishia. Na mara nyingi mbadala bora ni kuliacha neno na kuweka kitu chenyewe, badala ya "it was literally so hot" andika kwamba lami ilikuwa inanata kwenye kandambili. Hilo nalo ni jambo la kamera.

Hospitali, polisi na mahakamani kuna sheria moja, usitie chumvi. Nalitia mkazo hili kwa sababu wapo watu wetu wengi wanaoishi Marekani, Canada na Uingereza, na wapo wanaofanya ukalimani kwa simu. Ukimwambia nesi "I literally can't breathe" yeye hana muda wa kupima kama unakaza tu, atalichukua kama dharura, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa hiyo kama kweli hupumui vizuri sema hivyohivyo, na kama ni mafua yamebana pua sema pua imeziba. Kwa mkalimani kazi ni ngumu zaidi. Shahidi akisema "he literally said he would kill me", hapo literally inabeba mzigo, inamaanisha alitamka kwa kinywa chake, tafsiri yake ni "alisema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ataniua", ukiiacha ukasema tu "alitishia kuniua" umepunguza ushahidi wa mtu. Ila akisema "he was literally killing me with stress", hapo ukiweka "alikuwa ananiua kweli" bila ile stress kusikika vizuri umeongeza kesi isiyokuwepo. Ukiwa hujaelewa ni ipi usikisie, omba ruhusa umuulize aliyesema.

Kuileta kwenye Kiswahili

Hapa ndo napoona watu wanaumia bure. Kwenye kamusi utapata kihalisi, kwa maana halisi, neno kwa neno. Hizo ni sahihi kwa literally ya tafsiri na ya maandiko, "translated literally" ni "ukitafsiri neno kwa neno", safi kabisa. Ila kwa literally ya mdomoni hazifai hata kidogo. Nimeona tafsiri za filamu za chini ya kioo, mhusika anasema "I literally died", mtafsiri kaandika "kihalisi nilikufa". Hayo sio maneno ya mtu, hakuna Mswahili aliyewahi kuongea hivyo toka azaliwe.

Ya mdomoni mara nyingi ni "yaani". "I literally screamed", yaani nilipiga ukelele! Hiyo yaani inakaa palepale mwanzoni, inabeba hisia ileile. Kwa kicheko wala huhitaji kielezi, "nimekufa", "mbavu sina", Kiswahili kimeshatia chumvi yake tayari. Kwa idadi tumia "tu" au ongeza kipande cha kukaza, "it took literally five minutes", dakika tano tu, hata sita hazikufika. "Literally everyone came", walikuja wote, hakubaki mtu nyumbani. "Literally me", huyu ni mimi mtupu.

Na ile ya kukazia ukweli, pale unapotaka kuaminiwa, sisi hatuna kielezi kimoja, tuna viapo na macho. Haki ya Mungu, wallahi, nimeona kwa macho yangu haya mawili, siongezi wala sipunguzi, Wakenya wanasema "haki" peke yake inatosha. "Siongezi wala sipunguzi" naiona ndo tafsiri tamu kuliko zote ya literally ile ya kamera, maana ndani yake kuna wazo lilelile la zamani, maneno kama yalivyo.

Kuna moja inawapita wengi, "literally just". Mwenzako akikuandikia "I literally just got here" hasemi chochote kuhusu ukweli au mafumbo, anasema ndo kwanza nafika, sasa hivi hii. "I literally just ate", nimetoka kula saivi. Ukiikuta kwenye meseji za Waingereza tafsiri kwa "ndo kwanza" na utakuwa sawa karibu mara zote.

Pa kuliweka, kulitamka na kuliandika

Kwenye sentensi lisogeze karibu na neno unalolikaza. "I had literally one dollar" inakaza moja, dola moja, sio mbili. "I literally had one dollar" inakaza sentensi nzima, watu wataelewa lakini mkazo umetawanyika. Likikaa mwisho, "I had one dollar, literally", linakuwa kama unamjibu mtu aliyekutolea macho. Na likiwa peke yake kama jibu, mtu kasema kitu we unajibu "literally", hapo ni "kabisa yaani", unamuunga mkono.

Matamshi, Waingereza wengi wanalimeza linabaki kama "litrali", silabi tatu, Wamarekani wanataja zote nne ila ile t yao inalainika inakuwa katikati ya d na r, "lidarali". Ukitamka "literali" kwa mdomo wetu wanakuelewa vizuri tu, usijipinde ulimi kwa ajili ya hilo, cha kuzingatia ni mkazo ukae kwenye silabi ya kwanza.

Maandishi ndo yanaangusha wengi, t ni moja na l za mwisho ni mbili, kwa sababu ni "literal" nzima imebaki na l yake ndo ikaongezewa "-ly". Waliosoma kwa Kifaransa wanaweka t mbili kwa sababu littéralement inazo mbili, na littera ya Kilatini inazo, na hata "letter" inazo, kwa hiyo sio ujinga, wanafuata ukoo, ila Kiingereza hapa kimeamua moja. Simu ikipiga mstari mwekundu chini yake anza kuhesabu t, halafu nenda mwisho uhesabu l.